Kinyozi wa Mwanza anayelinda kiti cha Arusha

Saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa. Kwenye kibanda cha kinyozi nyuma ya soko la Kilindoni, watu sita wamekaa kwenye benchi wanasubiri, na kinyozi amesimama hana wa kumnyoa.

Msomaji, hujasoma vibaya. Wateja wapo. Umeme upo, feni inazunguka, mashine ina chaji. Viti vya kunyolea viko viwili na vyote vitupu. Lakini Isdory Masalu, miaka 41, kaegemea ukuta, shuka la kunyolea begani, macho mlangoni.

"Hao si wangu," anasema kwa sauti ya chini, akiwaonyesha wale sita kwa kidevu. "Hao ni watu wa Arusha."

Watu wa Arusha! Wote sita wamezaliwa hapa hapa Mafia. Mmoja ni mkwezi wa minazi kutoka Baleni, kamba yake ya kukwelea iko chini ya benchi. Mwingine ni mzee Hemedi, mkulima wa korosho, ametoka Kirongwe tangu jua halijatoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Arusha. Mzee Hemedi mwisho wake ni Dar es Salaam, na alikwenda kutibiwa jicho.

Lakini ni watu wa Arusha, na Kilindoni nzima inalijua hilo.

Ukiingia kwenye kibanda hiki, kiti cha kushoto kimeandikwa ukutani juu yake, kwa rangi ya bluu, MWANZA. Hicho ni cha Isdory. Cha kulia kimeandikwa ARUSHA. Hicho ni cha Obed Kaaya, na Obed hayupo. Miezi saba sasa hayupo.

"Tunakuja kumshikia foleni," anasema mzee Hemedi, bila kucheka. "Mimi wa pili. Wa kwanza yule pale."

Na kukaa kwa Isdory je, si kiti kipo?

"Mimi nikae Mwanza?" Mzee anashika ndevu zake, ambazo kweli zimekuwa nyingi. "Nitakuwa nimemzika mtu mzima mzima. Mke wangu ananipunguza nyumbani kwa mkasi. Ananikata masikio, lakini sawa tu."

Zamani hapa Ijumaa moja ilikuwa na vichwa hamsini kwa viti viwili. Leo, mpaka inakaribia adhana, Isdory atakuwa amenyoa saba. Kichwa cha mtu mzima ni shilingi elfu mbili. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Hadithi ya viti hivi ilianza na ndoo.

Isdory aliletwa Mafia na kazi ya barabara, miaka kumi na miwili iliyopita, akiwa kibarua wa kumwaga kokoto. Obed alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Alikuja kupaka rangi nyumba ya wageni, kazi ikaisha, nauli ikaisha, akabaki na mashine ya kunyolea na ndoo ya kukalisha wateja.

"Nikakaa kwenye ndoo yake," Isdory anakumbuka. "Akaniuliza, kwenu wapi? Nikamwambia Mwanza, jiji la pili Tanzania nzima baada ya Dar. Bwana wee, mashine ikazimwa pale pale! Akaniambia, 'Shuka kwenye ndoo yangu. Jiji la pili ni Arusha.' Na mimi nimeshanyolewa nusu kichwa."

Alirudi kambini hivyo hivyo, upande mmoja kipara, upande mwingine msitu. Vibarua wenzake walicheka mpaka chakula kikaungua.

Kesho yake akamrudia Obed: nimalizie. Obed akamwambia, sema kwanza jiji la pili ni lipi. Isdory hakusema. Akamnyang'anya mashine, akasimama mbele ya kioo, akajimalizia mwenyewe.

"Akaniangalia sana. Akasema, 'Kumbe we Msukuma unajua kunyoa.' Basi. Nikawa kinyozi kwa sababu ya ubishi. Sijawahi kufundishwa na mtu."

Kazi ya barabara ilipoisha, wakapanga chumba hiki kimoja kwa Bi Mwanamkuu, mama wa makamo anayeuza chai na maandazi mlango wa pili. Wakanunua viti viwili. Wakaandika miji yao ukutani. Na ubishi ukawa ndio biashara.

"Arusha mna nini? Baridi tu. Mtu anavaa sweta kwenda kuoga."

"Na nyie Mwanza? Mmejenga juu ya mawe kama mijusi."

"Tuna ziwa!"

"Ziwa limejaa magugu. Sisi tuna mlima, magugu yanaogopa kupanda."

Watu wakaanza kuja kusikiliza, na anayesikiliza mwishowe ananyolewa. Kisha watu wakachagua pande. Wavuvi wakawa Mwanza, kwa sababu Mwanza kuna maji na samaki, na mvuvi hawezi kumsaliti samaki hata kama ni wa ziwani. Wakulima wa Baleni na Kirongwe wakawa Arusha, kwa sababu Arusha kuna mashamba. Walimu na watu wa maofisini waliotoka bara wakawa wanachungulia, wanacheka, wanaondoka. Wenyeji ndio walioshika bendera. Kuna nyumba hapa mume ni Mwanza na mke ni Arusha, na ukiwatembelea uwe mwangalifu.

Mudrik, dereva wa bodaboda mwenye miaka 29, aliandikiwa na fundi wa rangi kwenye bamba la nyuma la pikipiki yake: ARUSHA HATUSHINDWI. "Watalii walikuwa wananiuliza mimi wa Arusha. Nawaambia ndiyo, nimekuja na pikipiki." Anacheka kidogo, halafu anaacha.

Kila Ijumaa walihesabu vichwa kwa chaki kwenye ubao uliopo kati ya viti. Adhana ya Ijumaa ikianza, hesabu imefungwa. Aliyeshindwa anasimama mlangoni, anapiga kelele soko zima lisikie, "Mimi wa kijijini, jiji ni kwa mwenzangu!" Kisha anafagia nywele zote, zake na za mwenzake.

Obed alikuwa na silaha moja ambayo Isdory hakuwa nayo. Alijua kumuiga.

Akiona vichwa vya Mwanza vinazidi, anazima mashine, anasimama katikati ya chumba, anavuta mdomo upande mmoja, anaburuza maneno taratibu kama mtu anayevuta ng'ombe aliyegoma. "Mwa-nga-lu-kaaa!" Ndivyo alivyodai Wasukuma wanavyosalimiana. Watu walikuwa wanalala chini kwa kicheko. Isdory naye anajibu, anapandisha mabega, anatembea kwa madaha kama kijana wa stendi ya Arusha, "Niaje chalii yangu!"

"Sijawahi kuzungumza vile maisha yangu yote," anasema Isdory. "Lakini alivyokuwa akifanya, hata mimi niliamini ndivyo nilivyo."

Sasa sikia ilivyokuwa ile Ijumaa ya mwezi wa kumi, mwaka jana.

Obed alikuwa ameshindwa Ijumaa mbili mfululizo. Ya tatu ilikuwa haijawahi kutokea. Saa tatu asubuhi ubao ulikuwa unasema Mwanza kumi na moja, Arusha nane. Kibanda kimejaa, wengine wamesimama nje wanachungulia dirishani. Aliyekuwa kwenye kiti cha Arusha ni Mudrik.

"Alinichonga pembeni, mstari ukapanda juu kama ngazi," anasimulia Mudrik. Anashika upande wa kichwa, pale pale. "Nikamwambia, 'Kaka Obed, leo unaninyoa Kisukuma?' Akacheka. Ila upande mmoja tu wa uso ndio uliocheka. Niliuona, ndugu yangu. Niliuona kwa macho haya, nikatoa simu nirekodi."

Mashine ikaanguka. Obed akaiangalia pale chini kama kitu cha mtu mwingine. Akasema mkono wake hausikii.

"Unajua mimi nilimjibu nini?" Isdory anauliza. Anajijibu mwenyewe. "Nilimwambia, 'Arusha imeganda kwa baridi.' Watu wakashangilia."

Obed akajaribu kusema kitu kingine. Maneno yakatoka mazito, yanavutana, mdomo umekwenda upande. Na kibanda kizima, watu zaidi ya ishirini, wakalipuka. Kaanza! Obed kaanza kumuiga Isdory! Hata saa yake haijafika, kaanza!

Video ipo. Ina dakika nne na sekunde kidogo. Ilizunguka kwenye makundi ya simu ya Mafia nzima asubuhi ile ile, kabla watu hawajajua. Mudrik ameifuta. Isdory hajaifuta.

Ukiiangalia leo, huwezi kuimaliza. Obed amesimama katikati, mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Anafungua mdomo. "Mwa… mwa…" Kelele za vicheko. Sauti ya mtu inasema, "Leo kaua!" Kisha Isdory anaingia kwenye picha. Anasimama mbele ya mwenzake, anavuta mdomo wake upande ule ule, anaangusha mkono wake ule ule, anaanza kuburuza mguu. Kwa sababu Obed alikuwa anaburuza mguu.

Watu wanapiga makofi. Obed anamtazama.

Juu ya kioo saa ya ukutani inaonekana vizuri kabisa. Saa tatu na dakika kumi.

Baada ya hapo Obed alikaa kwenye kiti chake. Mudrik alishuka na mstari wake uliopinda, akaahidiwa kurekebishiwa baadaye. Watu wakasema Arusha kanuna. Isdory akaendelea na kazi. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kila kichwa alikitangaza kwa sauti ili mwenzake asikie.

Ilifika saa tano na kitu ndipo Bi Mwanamkuu alipoingia kuchukua vikombe vyake.

Bi Mwanamkuu si Mwanza wala si Arusha. Alikwishawaambia tangu zamani kwamba yeye ni wa Mafia na hiyo miji yao hana haja nayo. Hata kuwacheka huwa hawacheki.

"Naliwakuta wametawanyika wanapiga soga," anaeleza, amekaa mbele ya karai lake la maandazi. "Obedi kakaa kwenye kiti, shati limelowa hapa kifuani. Nikamuuliza, mwanangu, wamwagiwa chai? Kimya. Nikamwinua kidevu. Nikawaambia, nyie wana, huyu hachezi! Mtu akicheza, mate hayamtoki bila yeye kujua!"

Anageuza andazi, ingawa lilikuwa bado.

"Hawakunisadiki mara moja. Mmoja akasema, bibi usimwamini, huyo ni fundi. Fundi! Mtu anakufa wamwita fundi."

Ilikuwa kiharusi. Obed alikimbizwa hospitali kwa bajaji, kichwa chake mapajani kwa Isdory. Kesho yake asubuhi akapelekwa Dar es Salaam kwa ndege ndogo. Wavuvi wa Mwanza na wakulima wa Arusha walichangishana wote, wakamsindikiza wote mpaka uwanjani, na hakuna aliyefungua mdomo kutaja mji wowote.

Wiki tatu baadaye dada yake, Getrude, fundi cherehani, alimchukua akaenda naye nyumbani kwake Arusha. Obed ana miaka 44. Anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia, ule wa kazi, haushiki kitu. Maneno yake ni machache na mengi hayatoki kamili.

Hapo ndipo wengi hapa Kilindoni wanapoishia wakisimulia. Kwa Isdory bado.

Adhana inaita. Wale sita kwenye benchi wananyanyuka, wanampa Isdory mkono mmoja mmoja. "Mungu atamjaalia," anasema mzee Hemedi. "Amina, mzee wangu. Kwaheri," anajibu Isdory. "Kwaheri." Wanatoka kwenda msikitini na nywele zao. Ijumaa ijayo watarudi.

"Wanakuja kwa mapenzi yao kwa Obed, najua," anasema wakishapotea. "Ila mimi naona kama wanakuja kuniangalia mikono."

Anarudisha mlango nusu. Anazima redio. Anakaa kwenye benchi, si kwenye kiti chake.

"Kuna kitu sijamwambia mtu. Pale hospitali daktari aliniuliza, imeanza lini? Aliuliza mara mbili. Akaniambia, ni muhimu, fikiria vizuri. Nikamjibu, kama robo saa iliyopita."

Feni inazunguka.

"Robo saa! Yalikuwa yamepita masaa mawili na zaidi. Nilijua. Niliona saa ukutani wakati natoka. Lakini ningesemaje? Angeniuliza, masaa mawili mazima mlikuwa mnafanya nini na mgonjwa? Nimwambie tulikuwa tunacheka? Nimwambie mimi nilikuwa namuiga mguu? Niliona aibu. Aibu ya dakika moja tu, kaka. Nikasema robo saa, ikaandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikapanda naye ndege."

Je, ukweli ungebadilisha kitu? Isdory ameuliza. Amewauliza watu wa afya wawili, kila mmoja kwa njia ya kuzunguka, akisingizia habari ya jirani. Mmoja alisema saa ya kuanza ni kitu kikubwa sana kwa ugonjwa ule. Mwingine alisema kwa mazingira ya kisiwani huenda isingebadilisha chochote.

"Nikilala namwamini wa kwanza. Nikiamka najilazimisha kumwamini wa pili."

Kwa miezi saba amekuwa akimpigia Getrude kila Jumapili. Anauliza Obed anakula nini. Analala vizuri? Amefanya mazoezi? Anaongea kidogo na Obed, yaani anaongea yeye, na upande wa pili kunasikika pumzi. Hajawahi kuitaja saa.

Kuna habari moja Getrude alimpa mwezi uliopita ambayo imemkaa rohoni. Obed hakubali kunyolewa. Vinyozi watatu wa mtaani wameletwa mpaka nyumbani, mmoja rafiki yake wa utotoni. Anawageuzia uso. Akishikwa kichwa kwa nguvu analia. Nywele na ndevu ni za tangu siku aliyougua.

"Mtu aliyekuwa anajinyoa kila Jumatano, kila Jumatano bila kukosa," anasema Isdory. "Alikuwa anasema kinyozi mwenye nywele ni kama mpishi mwenye njaa."

Aliomba simulizi hii isitoke kwanza. Alitaka Getrude asikie kutoka kwake kabla ya kuisoma gazetini. Na akaomba apige simu mbele ya mtu, kwa sababu peke yake ameshajaribu mara nyingi na kila mara anaishia kuuliza habari ya chakula.

Jumapili saa nane mchana. Kibanda kimefungwa. Bi Mwanamkuu ameitwa, amekaa kwenye benchi na kanga yake begani. Mudrik naye yupo, amesimama mlangoni. Isdory anaweka simu juu ya meza ya mashine, anaweka sauti ya nje.

"Haloo, Isdory. Za huko?"

"Nzuri, dada Getrude. Shikamoo."

"We, tangu lini unaniamkia? Mimi mdogo kwa Obed."

"Nimekuamkia leo. Anaendeleaje?"

"Yuko hapa nje, kakaa juani. Amekula ndizi kidogo."

Bi Mwanamkuu anamgusa Isdory mgongoni kwa kidole kimoja. Sema.

"Dada, kuna kitu nilidanganya. Hospitali. Nilimwambia daktari imeanza robo saa. Haikuwa robo saa. Ilianza saa tatu. Tulimfikisha saa tano na nusu. Tulikuwa tunadhani anacheza. Mimi ndiye nilikuwa nacheza naye. Nilikuwa namuiga."

Kule Arusha anasikika kuku, na mtu anapita na redio.

"Dada?"

"Nakusikia."

"Nisamehe."

"Isdory, mimi ile video nimeiona." Sauti yake haijapanda. "Nilitumiwa na mtu mwezi wa kumi na mbili, akidhani ni kichekesho cha zamani, eti nijifariji. Nikaiona saa. Nikatoa karatasi ya hospitali nikasoma mmeandika nini. Nikahesabu."

Isdory ameshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu mwezi wa kumi na mbili. Na wewe kila Jumapili unanipigia kuniuliza kala nini. Nikawa najiambia, leo atasema. Hukusema. Jumapili nyingine, leo atasema. Ilifika mahali nikawa nachukia kupokea. Ila nikipokea Obed anasogea karibu na simu, nitafanyaje?"

"Kwa nini hukuniuliza wewe?"

"Nikuulize mimi? Uongo ni wako, nikutolee mimi?"

Mudrik mlangoni amefunika uso kwa kofia. Bi Mwanamkuu anasoma kitu midomoni bila sauti.

"Sijui kama nimekusamehe," Getrude anaendelea. "Sitaki kukwambia uongo na mimi. Siku nyingine nikimwogesha nakuwaza vibaya sana. Siku nyingine nawaza, mbona hata mimi ningecheka, mimi namjua kaka yangu, ndivyo alivyo. Lakini mwenye kusamehe si mimi. Yeye alikuwepo pale. Alikuwa anakuona unaburuza mguu. Anajua saa zote."

"Amesema kitu?"

"Atasemaje, Isdory?"

Isdory anaisogeza simu karibu.

"Njoo," anasema Getrude. "Njoo umwambie yeye, usoni. Kwenye simu hawezi kukujibu. Akikufukuza, usiende kulala gesti, kwangu chumba kipo. Lakini njoo."

Simu ikakatika, au aliikata. Isdory alibaki ameitazama mpaka kioo chake kikazima.

"Nenda, mwanangu," Bi Mwanamkuu akasema. "Chumba hiki sikipangishi kwa mtu. Mlango nitaufungua mwenyewe Ijumaa, hao wazee wako waje wakae."

"Bibi, wakae wanangoja nini?"

"Mimi najua? Waache wakae."

Mudrik alitaka kumpeleka bandarini bure. Alitaka pia kwenda naye mpaka Arusha, kisha akasema hapana, hawezi, atasema nini mbele ya yule mtu. Akatoa simu mfukoni, akairudisha, akatoka nje.

Safari ni Alhamisi. Boti mpaka Nyamisati, basi mpaka Dar es Salaam, kisha siku nzima barabarani mpaka Arusha. Katika miaka kumi na miwili, Isdory amekwenda Mwanza mara tatu kuzika na mara moja kuoa, na kila mara aliapa kwamba huo mji mwingine hatatia mguu mpaka ukubali wenyewe kuwa wa tatu. Ilikuwa ni mzaha. Sasa ameuliza nauli ya kwenda tu. Ya kurudi hajaiuliza.

Kwenye mfuko wa ngozi amepanga mashine moja, vichana viwili, poda, spiriti na brashi mpya ambayo haijagusa shingo ya mtu. Hajui kama vitatumika. Hataki kumlazimisha. Anasema akifika hatataja mji, hatatania, hata Obed akianza mwenyewe.

"Nitamwambia kwanza ile habari ya robo saa," anasema, akifunga zipu. "Yote. Nikimaliza nitamuuliza, nikunyoe? Hawezi kusema vizuri, lakini kichwa chake kinajua kukataa. Akikitikisa, nitakaa hapo chini, nitangoja kesho nimuulize tena. Akikiinamisha, nitaanza na kisogo. Taratibu. Hapo mtu hakuoni uso."